Rantanen ameondoka

Denver, Ijumaa usiku, 24 Januari 2025.

Nimetoka kazini sasa hivi, nikafungua simu kwenye basi: Mikko Rantanen si mchezaji wa Colorado Avalanche, timu yetu ya hoki ya barafu, tena.

Kapelekwa Carolina Hurricanes. Sisi tumepata Martin Necas, Jack Drury na nafasi mbili za kuchagua chipukizi. Chicago nao wamo, wamemtoa Taylor Hall aende Carolina.

Kwa mliozoea soka: kwenye NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, timu hazilipani ada ya uhamisho. Timu hubadilishana watu, katikati ya msimu, na mchezaji asiye na kifungu cha kumlinda kwenye mkataba hufungasha tu. Mkataba wa Rantanen ulikuwa unaisha mwaka huu.

Huyu tulimchukua 2015 akiwa kijana mdogo kutoka Finland. 2022 akatuletea Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa ligi. Msimu huu ana pointi 64 katika mechi 49!

Nimefika nyumbani, mwanangu bado macho. Jezi namba 96 ilikuwa imekunjwa juu ya kiti, anaivaa kila Jumamosi.

Akaniuliza, "Baba, kesho niivae?"

Nimesimama pale na koti langu, theluji bado mabegani, jibu sina.

Nimemwambia aivae. Lakini moyo umeniuma kweli, jamani.

Nyinyi mliowahi kuondokewa na mchezaji mnayempenda, jezi yake mliifanyaje? Niambieni, asubuhi ataniuliza tena.