Siku moja maishani mwangu: daktari anayelea madaktari, Lubumbashi

Mimi ni daktari wa watoto, na ninafundisha katika hospitali moja ya chuo hapa Lubumbashi. Juu ya wodi na darasa, nimekabidhiwa kazi ambayo zamani haikuwa na mwenyewe kwetu: kufuatilia safari ya kikazi ya madaktari wanaofundisha, kuanzia asistenti aliyeingia jana hadi profesa, na kuangalia hali zao. Watu wengi huniuliza kazi hiyo hufanywaje hasa. Hii hapa siku moja ya Julai.

Saa 11 alfajiri

Julai yetu ni ya baridi, wanaoijua Katanga wanaelewa. Umeme haujarudi tangu jana jioni, kwa hiyo natia makaa kwenye mbabula na kuchemsha maji. Nikisubiri chai nasoma ujumbe wa walio zamu ya usiku. Mmoja umeandikwa saa 10: "Mama Prof, nimejichoma sindano. Tafadhali usimwambie mtu." Chai inabaki.

Saa 12 na nusu asubuhi

Namkuta asistenti wetu kwenye korido ya dharura, kidole gumba amekikunja ndani ya ngumi kama mtoto anayeficha peremende. Alikuwa akimtoa mgonjwa damu, mgonjwa akashtuka, sindano ikageuka. Kidonda amekiosha kwa maji na sabuni, vizuri. Mgonjwa anaishi na VVU na yuko kwenye dawa. Kijana analijua somo hili kuliko wanafunzi anaowafundisha, lakini asubuhi hii hana habari na somo lolote. Namweleza polepole kama ambavyo ningemweleza mgonjwa: hatari ya kuambukizwa baada ya kuchomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU ni kama watu 3 kwa kila 1,000, na dawa za kinga huipunguza zaidi. Dawa huanzwa mapema iwezekanavyo, isipite saa 72, na humezwa siku 28. Kidonge cha kwanza anakimeza mbele yangu.

"Chanjo ya hepatiti B umeikamilisha?"

"Nilichomwa mbili, Mama Prof. Ya tatu ilinikuta niko zamu."

"Mke wako anajua?"

Anatazama chini. Namwambia jinsi ya kumlinda mkewe mpaka vipimo vikamilike, na kwamba wakitaka kuja wote wawili mlango wangu uko wazi. Tukio naliandika kwenye daftari la ajali za kazini, ambalo hufungiwa kabatini na halisomwi na kila mtu. Kisha namtafutia wa kushika wagonjwa wake, aende kulala.

Nikisikia watu wakizungumza juu ya ustawi wa daktari, mimi naanzia hapa. Vidonge vipo dharura usiku wa manane au havipo? Ufunguo wa kabati uko kwa nani? Chanjo ya tatu nani anaifuatilia? Daktari anayejichoma saa 10 usiku na kuona aibu kusema hatasaidiwa na semina. Anahitaji ufunguo, na mtu wa kumpigia simu.

Saa 2 asubuhi

Stafu, yaani mkutano wa asubuhi wa idara. Chumba kimejaa: mapatroni, yaani madaktari wakubwa, mbele, maasistenti katikati, wanafunzi wa staji (mafunzo ya vitendo) wamesimama ukutani. Asistenti wa pili wa zamu anasoma ripoti. Anafika kwa mtoto SS, yaani mwenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, wa miaka 4, aliyeletwa na homa na damu iliyopungua sana. Benki ya damu haikuwa na kundi lake. "Amefariki saa 3 usiku," anasema, na anageuza ukurasa.

Zamani hapa ndipo maswali yangeanza kumwangukia mtu aliyesimama: kwa nini hukufanya hiki, kwa nini hukuita yule. Mimi mwenyewe nililelewa hivyo, na najua wakubwa wenye nia njema wanaoamini kwamba ukali ndio unaomkomaza daktari. Sikubaliani nao, na nimewaambia. Mtu aliyetukanwa mbele ya wanafunzi wake kesho hataleta kosa mezani, atalificha. Katika idara yetu tumekubaliana kwamba stafu huuliza juu ya mgonjwa na mfumo: damu iliombwa saa ngapi, nani alikwenda kuifuata, familia ilitumwa wapi. Ya mtu binafsi huzungumzwa baadaye, mlango umefungwa.

Nauliza swali moja tu zaidi: "Nani alizungumza na mama wa mtoto?"

"Mimi, Mama Prof."

"Saa 10 jioni njoo kwenye duara."

Saa 3 hadi saa 6

Wodi. Baridi huwaletea watoto SS maumivu ya mifupa, na vitanda vimejaa. Tunazunguka, tunafundisha, tunaandika. Kuna binti wa miaka 9 aliyecheka leo baada ya siku za kulia, na wanafunzi wote wakacheka naye.

Saa 6 na nusu mchana

Nina miadi na mkuu wa idara. Namletea ratiba ya Agosti na ombi ambalo analijua: kila mwalimu apate nusu siku kwa juma isiyoguswa, ya kufanya lile linalompa maana katika kazi yake. Kwa mmoja ni utafiti, kwa mwingine ni kufundisha, kwa mwingine ni kliniki ya watoto SS.

Ombi hili sikulitoa hewani. Mwaka 2009 Tait Shanafelt na wenzake wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchunguzi juu ya madaktari wanaofundisha kwenye idara yao ya magonjwa ya ndani. Waliokuwa wakitumia angalau asilimia 20 ya muda wao kwa lile wanalolipenda zaidi, chini ya theluthi yao walionyesha dalili za kuchoshwa na kazi. Kwa waliokuwa chini ya kiwango hicho, ilikuwa zaidi ya nusu. Asilimia 20 ni siku moja katika juma la siku tano. Hospitali yao na yetu ni mbingu na ardhi, lakini moyo wa mtu aliyesomea kitu kwa miaka kisha akanyimwa kukifanya naufahamu bila kusafiri.

Mkuu wa idara ananisikiliza hadi mwisho. Kisha anauliza: "Docta, nikimpa kila mtu nusu siku, wagonjwa ataona nani?"

Swali lake ni la haki, na ninalijibu kwa karatasi. Nimewapanga wawili wawili, mmoja anashika wodi mwenzake akiwa kwenye nusu siku yake, na hakuna jozi mbili zinazotoa mtu siku moja. Namkumbusha pia kwamba Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeuelezea uchovu huu kama jambo linalotokana na mkazo wa kazini ambao haukushughulikiwa, na halikuuita ugonjwa. Kwa sababu hiyo daktari anapoanza kuzima, kwanza naomba kuona ratiba yake. Mwanasaikolojia ana nafasi yake, na wapo niliowapeleka kwake, lakini hawezi kupunguza zamu.

Anatia sahihi kwa majina matatu, kwa majaribio. Nilikuwa nataka yote. Matatu ni mwanzo.

Saa 7

Bukari, sombe na kapenta kwa mama mpishi nyuma ya maabara. Nakula na maasistenti makusudi. Mezani husemwa mambo ambayo ofisini hayasemwi.

Saa 8 mchana

Daktari wa kike, asistenti, ana mtoto mchanga nyumbani. Amekuja na barua ya kuacha kazi. Zahanati ya kampuni moja ya migodi upande wa Kolwezi imemwita, na mshahara wake siwezi hata kuusogelea. Simwambii abaki. Namuomba tujaze ukurasa mmoja kwanza, ule ninaojaza na kila mmoja wao: Ni kazi gani ikikupata siku hiyo unarudi nyumbani na furaha? Hatua yako inayofuata ni ipi, na inadai nini? Nani anakushika mkono? Nini kinakuzuia ambacho si juu yako?

Anaandika muda mrefu. Halafu anaweka kalamu.

"Mama Prof, siondoki kwa ajili ya pesa tu. Pale wameniambia mwaka kesho nitakuwa nani. Hapa sijui."

Sentensi hiyo nimeikuta kwa wengi, kila mmoja kwa maneno yake. Tunadhani daktari anachoshwa na wingi wa kazi. Wengi wao wanaweza kazi nyingi, na wameizoea tangu staji. Kinachowaua moyo ni kukaa palepale: mandati, yaani muda wa uasistenti, inaisha inaongezwa, makala haijaandikwa, na bila makala hapandi kuwa CT (chef de travaux, ngazi inayofuata asistenti), na bila kuwa CT tasnifu ya uprofesa inabaki ndoto.

Basi tunaipanga njia yake. Madaftari ya wodi yana habari za miaka mingi za watoto SS na chanjo zao, na yeye ndiye anayeyajua kuliko mtu yeyote. Hilo ni swali la utafiti tayari. Hakuwa amewahi kuingia HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza 2002 unaofungulia taasisi za nchi kama yetu majarida ya kitabibu. Tunaingia pamoja kwenye simu yangu, intaneti ikienda kwa kusuasua, na makala tatu za kuanzia zinashuka. Namtahadharisha pia na majarida ya barua pepe yanayokuita "mtafiti mashuhuri" na kukudai dola mia kadhaa ili yakuchapishe kwa siku mbili.

Kisha nampa walezi wawili. Mkono mmoja haulei mwana. Wa kwanza ni wa utafiti. Wa pili ni daktari bingwa wa idara nyingine, mama aliyelea watoto watatu akiwa kwenye zamu, na huyo hamtilii alama wala hampangii zamu. Mpango huu naushikilia kwa nguvu. Kwetu patroni mmoja ndiye anayesahihisha, anayepanga, anayetia sahihi, halafu tunashangaa kwamba kijana hamwambii kuwa amechoka. Atamwambiaje?

Barua anaondoka nayo. Atanijibu Jumatatu, na akiamua Kolwezi nitamwandikia barua ya kumpendekeza.

Saa 10 jioni

Duara. Viti tisa, milango imefungwa, simu zimezimwa. Utaratibu tumeuchukua kwa Michael Balint, daktari mzaliwa wa Hungaria aliyeanzisha vikundi hivi London katika miaka ya 1950. Mmoja anasimulia mgonjwa aliyebaki moyoni mwake, bila faili. Akimaliza anarudisha kiti nyuma na kunyamaza, wengine wanazungumza juu ya yule mgonjwa na yule daktari, naye anasikiliza tu. Hakuna kutoa kipimo cha dawa, hakuna kusema "mimi ningefanya".

Asistenti wa jana usiku anasimulia. Mama wa mtoto hakulia. Alimfunga mtoto kitenge, akamgeukia daktari, akamwambia: "Asante, Docta." Anasema, "Ananishukuru kwa nini? Sikumpa hata damu."

Anarudisha kiti. Mmoja anasema huenda mama aliona mtu aliyekaa naye. Mwingine anasema yeye angekimbia chumba kile. Daktari wa upasuaji mwenye mvi, ambaye huja na kukaa kimya, anasema, "Enzi zetu tulinyamaza," na hasemi zaidi.

Kwenye chumba cha zamu nimebandika maneno yaliyoongezwa Oktoba 2017 huko Chicago kwenye Azimio la Geneva, kiapo cha Chama cha Madaktari Duniani cha tangu 1948: kwamba daktari ataangalia afya yake mwenyewe na ustawi wake, ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Yule mzee nimemwona akiyasoma.

Saa 12 jioni

Teksi-basi, foleni, nyumbani. Watoto, chakula.

Saa 3 usiku

Nafungua rasimu ya asistenti mwingine, makala yake ya kwanza. Utangulizi ni mrefu mno, matokeo ni mazuri. Jumla ya jedwali la pili haikubaliani na ya kwanza, wamepungua watoto wawili. Namwandikia: "Docta, kazi nzuri sana. Watafute wale wawili kwenye daftari la Machi, kata utangulizi nusu, nitumie Ijumaa." Anajibu papo hapo, na namjibu tena kwamba hii ni saa ya kulala.