Viboko wa Vitshumbi

Mwaka 2006 nilikuwa navua na baba mdogo huko Vitshumbi, kijiji cha wavuvi kusini mwa Ziwa Edward, ndani kabisa ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo. Vita tulikuwa tumeshavizoea: leo barabara ya Goma imefungwa, kesho imefunguliwa, na akina mama wanaendelea kuanika samaki. Ila mwaka ule risasi zililia upande wa ziwa, usiku baada ya usiku, wala hatukusikia kijiji kilichovamiwa.

Asubuhi moja tulipiga makasia kuelekea pale mto Rutshuru unapoingia ziwani. Marabu, wale ndege wakubwa wala mizoga ambao hushinda kijijini wakigombania matumbo ya samaki, walikuwa wamehamia kule wote. Tukaona kiboko amelala ubavu majini, tumbo limefura. Mbele yake mwingine, na mwingine. Mmoja alikuwa amevutwa hadi matopeni akachunwa nusu. Taya la chini limepasuliwa kwa shoka, na palipokuwa na yale meno makubwa pamebaki mashimo yaliyojaa nzi. Nyama ya kiboko inauzwa, meno yake yanauzwa kama pembe za ndovu, na wenye bunduki msituni walipata humo chakula na risasi.

Baba mdogo aliacha kasia. Alianza kuvua miaka ya 1970, wakati hifadhi ilikuwa na viboko karibu 29,000, wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Mwaka ule tunaozungumzia hawakufika 1,000.

“Hawa ndio wanaotulishia samaki, mwanangu,” akasema. “Wakiisha, sisi tutavua nini?”

Hakuwa anabahatisha. Kiboko hula majani nchi kavu usiku, mchana akarudi majini na kinyesi chake kikarutubisha ziwa. Viumbe vidogo vya majini hustawi, tilapia wakapata chakula. Nyavu zetu zilikuwa zimeshaanza kuwa nyepesi miaka mingi kabla ya siku ile, na ninaposikia mtu akisema kwamba wanyama wasubiri kwanza watu wapate amani, nawakumbuka watoto wa Vitshumbi waliolala njaa kwenye ukingo wa ziwa.

Tuliporudi, mlinzi mmoja wa hifadhi alikuwa ufukweni na daftari, akitafuta mtumbwi wa kumpeleka kuhesabu mizoga. Wavuvi walimkwepa. Wenye silaha walikuwa bado wako karibu, na mvuvi akionekana pamoja na mlinzi angeweza kulipa kwa maisha yake. Tena wavuvi na walinzi hawapikiki chungu kimoja. Huyu mwenyewe alishatunyang'anya nyavu.

Baba mdogo akamwambia, “Vua hilo shati, mzee. Vaa koti langu.”

Tulimficha sare chini ya nyavu, tukarudi kule kule. Alihesabu kwa sauti ya chini, akaandika, akatuomba tusogee hadi kwenye matete. Humo tulikuta kundi dogo lililo hai, masikio tu juu ya maji. Alitaka kulipa, baba mdogo akakataa. Tangu hapo tulimbeba kila alipotuomba, hadi mapigano yalipofika kwenye kituo chake naye akahamishwa.