Siku Nilipompata Daktari wa Homoni

Daktari wa wanawake alikuwa ameshanipiga ultrasaundi, akanionyesha vifuko vidogo vilivyojipanga pembezoni mwa ovari, akasema ni PCOS, yaani tatizo la homoni linalovuruga ovari, akaniandikia vidonge vya majira. "Ukitaka mtoto, urudi." Hedhi ilikaa sawa, na hilo si dogo, maana ukikaa miezi bila kuiona, ukuta wa mfuko wa uzazi unazidi kunenepa, na hapo ndipo hatari ilipo. Ila mimi mtoto sikuwa namtafuta. Ndevu zilikuwa zinaniota kidevuni, uzito unapanda, na mama yangu ni mgonjwa wa sukari.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, aliniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kwa sasa kinachokunyima usingizi ni nini?" Nikamjibu: sukari na hizi ndevu. "Basi tafuta daktari wa homoni. Wa uzazi utamwendea ukitaka kubeba mimba."

Daktari wa homoni niliyempata alikuwa mama mmoja, naye hakuanza na picha zangu. Aliniomba nishushe mtandio, akapitisha kidole shingoni, kwenye ule weusi niliokuwa nikiusugua kwa dodoki kila nikioga. "Huu si uchafu, binti yangu. Ni insulini, homoni ya kudhibiti sukari, imezidi mwilini." Ikizidi, akasema, inazisukuma ovari zitoe homoni za kiume kupita kiasi. Ndevu na sukari, mambo niliyokuwa nikiyabeba mbalimbali, yakawa jambo moja. Nililia, wala sikuona haya.

Hata jina la PCOS hakulipokea hivi hivi. Kwa mtu mzima, alinieleza, wanatafuta mawili kati ya matatu: hedhi kuvurugika, homoni za kiume kuwa juu, na ovari kuwa na vifuko vingi. Tena baada ya kuhakikisha si tezi ya shingo, si prolaktini, homoni ya maziwa, wala si tezi za juu ya figo. Akaagiza vipimo vyote hivyo, na kile cha kunywa glukosi gramu 75 na kutolewa damu tena baada ya saa mbili.

Majibu yalipotoka, sukari ilikuwa imeanza kupanda, bado haijafika kisukari. Akaniandikia metformini, dawa ya kushusha sukari, akanipangia mazoezi, na vidonge vya majira akasema niendelee navyo, kwa kuwa navyo hushusha homoni za kiume. Kisha akamwandikia barua daktari wa wanawake ili wanitibu kwa pamoja.

Nikamuuliza, "Na ndevu, daktari?"

"Hizo zina kiburi. Usizihukumu kabla ya miezi sita."