Mvua Ilizinyeshea Nyumba Zote Mbili

Somo: Mathayo 7:24–27, Zaburi 69:1–2

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Masika yakikaribia Dar es Salaam, mfano huu wa Yesu wa nyumba mbili, ya mwenye akili juu ya mwamba na ya mpumbavu mchangani, hugeuzwa fimbo ya kuwachapia watu wa mabondeni: si mliambiwa msijenge mchangani? Anayesema hivyo kwa kawaida anakaa mlimani.

Mto Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia baharini pale daraja la Salander. Ndiyo maana Jangwani kunaweza kuwa kukavu kabisa na maji yakaja usiku, kwa kuwa kumenyesha huko juu. Wenyeji hujipanga: kitanda kinapandishwa juu ya matofali, vyeti vya watoto vinafungwa kwenye mfuko wa nailoni na kuning'inizwa juu. Desemba 2011 maji yalishinda maandalizi yote hayo, na jijini wakafa watu zaidi ya 40. Serikali ikawapa waathirika viwanja Mabwepande, pembezoni mwa jiji. Wapo waliohamia moja kwa moja, wapo waliorudi bondeni, maana Mabwepande na Kariakoo ni mbali, na mchuuzi hawezi kuimaliza faida ya siku kwenye nauli. Huo sio upumbavu alioukemea Yesu.

Alioukemea ni wa kusikia neno na kutolitenda. Mvua ilizinyeshea nyumba zote mbili, hata ya mwenye akili. Na mistari michache kabla ya hapo alikuwa amesema: yote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo. Basi aliye mlimani akisikia hayo kisha akamfungia geti jirani aliyelowa, yeye ndiye wa mchangani, hata kama ukuta wake ni zege tupu.

Nawe uliye bondeni, kuhama si kupungukiwa imani. Nuhu hakuikemea gharika, alichonga mbao. Iombe Zaburi ya 69, “Ee Mungu, uniokoe, maana maji yamefika mpaka nafsini mwangu,” huku umembeba mtoto mgongoni unatoka.

Jumuiya ikikutana wiki hii, tusiishie kwenye maombi. Tuulizane nani ana chumba, nani atambeba bibi asiyeweza kutembea, na vyeti vya nani vikae kwa nani mpaka masika yaishe. Mwenye namba ya dereva wa pikapu aje nayo.