Krokbragd, fremu tatu: kumbukumbu za mradi wangu wa ufumaji, Bergen

Oktoba

Nimejiunga na kikundi cha ufumaji cha mtaa wetu hapa Bergen. Kiko chini ya Norges Husflidslag, chama cha kazi za mikono kilichoanzishwa mwaka 1910. Wenzangu wengi ni wanawake waliostaafu. Vitanda vya kufumia ni mali ya kikundi, vimebanana ukumbini hadi ukitaka kupita lazima ujipange, na kahawa haikatiki. Ada ni ndogo. Sufu unajinunulia, na hapo ndipo mfuko unapolia.

Nimechagua krokbragd, mtindo wa kufuma kwa fremu tatu. Huku magharibi ya Norway ilitumika sana kufumia åkle, mablanketi mazito ya sufu yaliyotandikwa vitandani, yakatundikwa ukutani siku za sherehe, na hata kufunika jeneza msibani. Mimi sina ubavu wa blanketi zima. Nafuma pambo la ukutani, upana sentimita 50, urefu kama mita moja.

Mtande, yaani nyuzi za urefu zinazofungwa kitandani kwanza, ni uzi wa pamba uliosokotwa ukakaza, wa aina ile ya kushonea nyavu za samaki, nyuzi 3 kwa kila sentimita. Kila uzi unapita kwenye kijicho cha fremu moja kati ya tatu zinazoinua nyuzi, kwa mpangilio wa 1, 2, 3, 2, halafu unaanza upya, kwa hiyo nusu ya mtande wote inakaa kwenye fremu ya pili. Kazi hii ni ya watu wawili: mmoja yuko nyuma anatoa uzi, mwingine yuko mbele anauvuta kwa kindoano. Bibi niliyepangwa naye alihesabu kwa Kinorwe, mimi kwa Kiswahili, na hatukupishana hata mara moja.

Novemba

Sasa nimeanza kuelewa kwa nini watu wanaipenda hii kitu. Ukikanyaga pedali, fremu mbili zinainuka na moja inabaki chini. Uzi wa mshindio, ule wa sufu unaokatiza mtande, unaoupitisha hapo unaonekana juu ya nyuzi za ile fremu iliyobaki chini tu. Kwingine kote umejificha nyuma. Kwa hiyo mstari mmoja unaouona kwa macho ni mipito mitatu, kila mpito na safu zake. Unapigilia kwa kitana mpaka pamba yote imezama ndani ya sufu.

Uzuri wake ni kwamba mtande haubadiliki tena. Ruwaza yote inatokana na rangi ipi inashika mpito upi. Mipito mitatu yote nyekundu, unapata mstari mwekundu mtupu. Weka nyeupe kwenye mpito wa fremu ya 1 peke yake, zinatokea nukta zilizoachana. Mstari unaofuata hamishia nyeupe kwenye 2, unaofuata kwenye 3, na mara milima inaanza kupanda na kushuka upana mzima. Nilikesha na karatasi ya mirabaraba na penseli za rangi za mwanangu nikichora michanganyiko. Geuza upande wa nyuma sasa: ni nyuzi zinazorukaruka, hakuna anayeweza kusoma chochote. Kwa hiyo usitarajie kitambaa cha pande mbili.

Mama alipiga simu ya video kutoka Tanga, nikamwonyesha. Akatazama mtande kimya kidogo. "Mwanangu, nyuzi zote hizo umezifunga hata hujaanza? Ukili si tunaanzia mkononi tu!" Kisha akataka nisogeze simu karibu aone ile milima. Akasema nyeupe imezidi. Nadhani ni kweli.

Desemba

Kingo. Sufu ikipitishwa imenyooka inavuta nyuzi za pembeni, na kitambaa kinazidi kuwa chembamba kadiri unavyopanda. Dawa yake ni kuulaza mshindio kwa upinde kabla ya kupigilia, ili upate urefu wa kuzama kati ya nyuzi. Upinde mdogo haufai, mkubwa unaacha vitanzi usoni. Mkono ndio unaojifunza hilo, maelezo hayasaidii sana. Nilikoanzia ni sentimita 50, leo nimepima 49, na mwalimu amesema hiyo si neno.

Januari

Nimehamia sufu ya spælsau, kondoo wa kienyeji wa Norway mwenye manyoya ya aina mbili: ya juu marefu yanayong'aa, ya ndani mafupi na laini. Uzi wake unakwaruza vidole lakini rangi inawaka, hasa nyekundu. Ukiuweka kando ya sufu laini ya kufumia sweta, ile ya sweta inaonekana imefifia.

Kikundini kuna kambi mbili, ya rangi za mimea na ya rangi za dukani. Mimi ni wa dukani, sioni haya. Kambi ya mimea haikosi kumtaja Hannah Ryggen, mfumaji aliyezaliwa Malmö mwaka 1894 akaishi shambani Ørland, ambaye rangi yake ya buluu aliipata kwa kuloweka sufu kwenye mkojo. Ndiyo, mkojo, na wageni wa nyumbani walichangia. Kazi yake moja kubwa ya mwaka 1958 ilikuwa imetundikwa katika jengo la serikali Oslo bomu lilipolipuka tarehe 22 Julai 2011, ikachanika. Waliitengeneza na kuacha kovu lionekane. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Februari

Nimefika sentimita 70. Nyeupe nimeipunguza: milima sasa ni ya njano ya haradali juu ya nyekundu nzito, na nyeupe imebaki nukta tu. Sehemu ya chini siifumui, iache ilivyo. Kitanda kuna mwenzangu anakisubiri kwa ajili ya zulia la matambara, kwa hiyo kabla ya mwisho wa Machi lazima nikate, nifunge mafundo ya miisho, na nianze kubishana na mume wangu kuhusu ukuta.