Daftari la Kondoa: mwaka umepatikana, mwandishi bado hana jina

Hatimaye! Lile daftari la penseli kutoka Kondoa, la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ni la 1916. Abishe anayetaka.

Herufi zenyewe mnazijua. Mwandishi wake haweki nuni (herufi ya n) kabla ya dali (herufi ya d), na dhuma yake, ile alama ya irabu, ni o na u kwa pamoja, kwa hiyo "Kudua" ni Kondoa, tusonge. Kilichoninyima usingizi ni tarehe. Mwaka haandiki kabisa! Anataja siku na mwezi wa Kiislamu tu. Ukurasa wa mizinga kuunguruma hadi alfajiri ameuandika usiku wa Jumatano, mwezi 7 Rajabu. Vitabu vinasema Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani katika Vita Kuu ya Kwanza, aliwavamia askari wa van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, pale Kondoa usiku wa 9 Mei 1916. Fungua kalenda: 9 Mei ni Jumanne, 6 Rajabu 1334.

Tarehe kupishana kwa siku moja si hoja, mwezi huandama kwa macho na masika ya mwaka ule yalikuwa ya kuua farasi. Lakini mawingu hayageuzi Jumanne kuwa Jumatano. Nikahangaika na 1915, nikahangaika na 1917, wapi. Programu za kubadili kalenda nazo hazikubaliani zenyewe kwa zenyewe. Afadhali jedwali la karatasi na rula.

Juzi jirani yangu hapa Chang'ombe akanialika kisomo, usiku wa Ijumaa. Alhamisi jua lilipozama nikavaa kanzu nikatoka. Sikufika hata kwenye kona. Alhamisi! Kwa hesabu yetu siku huingia magharibi, kwa hiyo usiku ule wa Jumanne ya vitabuni kwake ulikuwa tayari Jumatano, na Rajabu imekwisha gonga 7. Kisomo nilikwenda, ila sikumbuki kilichosomwa.

Ushahidi wa pili ukaja wenyewe. Siku za Idi anaandika amesikia Waingereza wameingia Dodoma. Dodoma ilitwaliwa 29 Julai 1916, na Idi iliangukia Agosti mosi au jirani yake.

Kuhusu vifaa: programu ya kusoma maandishi nimeifuta, haitambui hata bismillahi ya mkono huu. Tochi ya simu ikilazwa ubavuni mwa karatasi inafufua penseli iliyofifia kuliko picha yoyote ya skana.

Wiki hii nilipanga kuchapa nakala safi kuanzia ukurasa wa kwanza. Sitachapa. Pembeni mwa kurasa kuna vijistari vya tano tano, na mara nyingi kando yake neno posho. Kama ni hesabu ya watu, huyu alikuwa karani wa wapagazi. Kama ni mizigo, huenda ni mpagazi mwenyewe. Katika kurasa za Shaabani vijistari vinapungua, posho haipungui. Hapo ndipo nilipokwama, na rula yangu.