Kitako cha Gorogoro

Tumsifu Yesu Kristu.

Zamu ya kuandika tafakari ya jumuiya wiki hii ni yangu, na mliokuwepo mliniona nikikubali kwa shingo upande. Si uvivu. Nilijua nikishika kalamu nitaandika juu ya mkebe.

Mnajua nauza mahindi na maharagwe soko la Kibuye, hapa Kisumu. Mizani ni ya wauza nyama. Sisi wa nafaka tunapima kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia wa kilo mbili. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 40 hivi, kutegemea mahindi yamekauka kiasi gani. Na kuna ujanja ambao hakuna anayekufundisha ila utaujua tu: unaugeuza mkebe, unagonga kitako mpaka kinaingia ndani, kama sahani iliyopinduliwa. Halafu unapima. Mdomoni mahindi yamepanda kichuguu, yanamwagika pembeni, mnunuzi anaona umemjali. Chini huko konzi moja imebaki kwako. Konzi 20 ni gorogoro nzima. Kwa gunia moja umejipatia gorogoro mbili bila mtu kulia.

Yangu ilikuwa imebonyea. Niliinunua hivyo kwa mama mmoja aliyekuwa anaacha biashara, na kwa miaka minne hayo ndiyo yalikuwa maungamo yangu yote: si mimi niliyeibonyeza.

Jumatano ya Majivu niliwahi Misa ya alfajiri. Yale majivu, kama mnavyojua, ni matawi yetu wenyewe ya mwaka jana, yale tuliyopunga tukiimba Hosana, tukayachomeka juu ya mlango yakakauka, kisha tukayarudisha yakachomwa. Padre akanipaka: tubuni na kuiamini Injili. Likasomwa lile neno la Yoeli la kurarua mioyo wala si mavazi. Kwaya ilipoingia Zaburi ya 51, nililia. Chozi lilikuwa la kweli, sitalikana hata leo. Mtakatifu Paulo anawaambia Wakorintho kwamba kuna huzuni ya namna mbili, iliyo kwa jinsi ya Mungu, iletayo toba, na ya dunia, iletayo mauti. Mimi nikiruhusiwa ningeongeza ya tatu, huzuni ya kwaya. Hiyo haiui wala haiokoi. Inakauka ukifika langoni.

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimefungua. Mteja wangu wa kwanza alikuwa Dani, ndivyo Wajaluo tunavyomwita nyanya, bibi mmoja wa mtaa wa Manyatta ambaye kwa miaka hiyo minne amenunua kwangu kila wiki gorogoro moja ya mahindi na nusu ya maharagwe. Naye alikuwa na msalaba wa majivu kwenye paji la uso, umeingia ndani ya mikunjo. Alikuwa ametoka Misa ile ile. Akaniangalia paji la uso, nikamwangalia lake, tukacheka kidogo. Nikampimia. Akaomba nyongeza kama kawaida yake, nikamwongezea konzi moja, nikajiona mtu wa huruma.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu ya maneno tunayoyasema karibu kila Misa bila kuyasikia. "Nakuungamia Mungu Mwenyezi, nanyi ndugu zangu." Nanyi ndugu zangu! Tunasema wote kwa sauti moja, lakini hakuna asemaye "tumekosa". Kila mmoja anasema nimekosa mimi, huku anajipiga kifua chake mwenyewe, si cha jirani. Kanisa zima linaimba "ni-". Daudi naye katika Zaburi ile ni hivyo hivyo: "nimejua mimi makosa yangu". Anakuja kuitaja Sayuni mwishoni kabisa, akiisha kumaliza ya kwake. Kiswahili kinatufanyia hisani kubwa hapa, maana kile kiambishi kidogo hakikuachii pa kujificha. Ila sisi tumepata pa kujificha hata hivyo: mwendo. Tunayasema mbio, kama mtu anayesoma namba ya simu. Wiki ile Dani alikuwa benchi mbili mbele yangu. Nilimwungamia Mungu, nikamwungamia na yeye, "nanyi ndugu zangu", na wiki hiyo hiyo nikampunja.

Alhamisi ya wiki iliyofuata katekista alitusomea Amosi 8, akiambatanisha na kijitabu cha Kampeni ya Kwaresima. Amosi hakuwa kuhani wala mtoto wa nabii. Alikuwa mchungaji wa Tekoa na mtunza mikuyu, akatumwa kwenda kusema maneno magumu Betheli, penye ibada iliyonoga. Anawataja watu wanaouliza sabato itaisha lini tupate kuandaa ngano, tupunguze efa, tuongeze shekeli. Shekeli ni kipimo cha fedha, na efa ni cha nafaka. Ni gorogoro yao. Nami mnajua Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye, na mnajua kwa nini mimi ni mtu wa Misa ya kwanza. Wengine husema napenda utulivu wa asubuhi. Huwa sijui mahubiri yalihusu nini. Najua yalichukua dakika ngapi.

Kinachotisha katika sura ile si kukemewa kwa wafanyabiashara, hilo tumelizoea. Ni kwamba Mungu anaigusa ibada yenyewe: nitazigeuza sikukuu zenu kuwa maombolezo, na nyimbo zenu zote kuwa vilio. Yaani wimbo ule ule, watu wale wale, ngoma zile zile, lakini unatoka kilio. Nilimuuliza katekista kama hiyo ni adhabu au ni rehema. Akasema tutaliangalia wiki ijayo, na wiki hiyo ilipita hajaliangalia.

Nyanya yangu mzaa mama, kule Vihiga, hakuwa Mkatoliki. Alikuwa wa African Israel Nineveh, kanisa alilolianzisha Zakayo Kivuli mwaka 1942, wale wa kanzu nyeupe na vilemba. Tulipokuwa watoto tulipenda ngoma na bendera zao barabarani, lakini tuliogopa sehemu moja: watu walikuwa wakisimama na kusema dhambi zao mbele ya wenzao. Nikiwa mdogo nilidhani jina Nineveh ni la kijiji tu. Kumbe ni ule mji wa Yona, ambako mfalme alishuka katika kiti chake cha enzi akaketi majivuni, na watu wakaamriwa wavae magunia, wao na wanyama wao. Gunia la Biblia lilifumwa kwa singa za mbuzi. Mimi nimebeba magunia ya katani mabegani siku za nyuma, kabla ya haya ya plastiki, na nawaambia, hata juu ya blauzi linawasha mpaka usiku. Sasa fikiria ng'ombe.

Ijumaa asubuhi, siku ya tisa tangu majivu, nikarudi Misa. Injili ya siku hiyo kila mwaka ni Mathayo 5, mahali Yesu anaposema ukileta sadaka yako madhabahuni, na huku ukikumbuka ya kuwa ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka yako mbele ya madhabahu, uende zako. Aliyasema hayo Galilaya. Madhabahu ilikuwa moja tu, Yerusalemu, mwendo wa siku tatu au nne kwa miguu, karibu sawa na kutoka Kisumu hadi Eldoret. Waliomsikiliza walijua hesabu yake. Umefika hekaluni vumbi mpaka magotini, umevuta mbuzi njia nzima, ndipo unakumbuka, na unaambiwa umwache mbuzi pale, urudi Galilaya upatane, kisha uje tena. Wiki nzima madhabahu inakusubiri wewe! Na angalieni vizuri: hasemi ukikumbuka kwamba una neno juu ya ndugu yako. Anasema ndugu yako ndiye ana neno juu yako. Huenda hata yeye hajui analo.

Nilikuwa na shilingi mia mbili mkononi. Watu walipoanza kupanga mstari wa sadaka nikatoka. Mama Akinyi akadhani ni tumbo, akanifuata mpaka nje kuniuliza kama nataka maji.

Kwanza nilikwenda kwa fundi wa mabati. Akaugeuza mkebe, akatazama kitako, akacheka. "Mathe, kuna wanaoniletea nibonyeze, wewe unataka ninyooshe?" Akanitoza shilingi thelathini. Alitia kipande cha chuma ndani, akagonga nyundo mara sita au saba kutoka upande wa pili, bati likaruka nje kwa mlio kama wa mfuniko wa sufuria. Nilibaki nikiushangaa jinsi ulivyokuwa na kina.

Kisha nikakaa na hesabu. Torati, katika Hesabu 5, inasema mwenye hatia aungame, arudishe kitu kizima, na aongeze sehemu yake ya tano. Miaka minne, kila wiki konzi moja, nikiondoa wiki alizokwenda mashambani, ni konzi 200. Hizo ni gorogoro 10. Sehemu ya tano ni 2. Kwa hiyo Dani ananidai gorogoro 12 za mahindi, na maharagwe nusu ya hapo. Shetani wa biashara ni mwepisi sana, wapendwa. Kabla sijafunga daftari aliniambia: na zile nyongeza ulizompa, mbona hukuzitoa? Nilishika kalamu kuzitoa. Nilikuwa nimeandika alama ya kutoa kabisa.

Kilichonizuia ni Daudi. Baada ya kuwahesabu watu na tauni kuua 70,000, aliambiwa amjengee Bwana madhabahu katika uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi. Arauna akataka kumpa vyote bure: uwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria viwe kuni. Mfanyabiashara yeyote angeshukuru. Daudi akasema hapana, sitamtolea Bwana, Mungu wangu, sadaka nisizozigharimia. Akalipa shekeli 50 za fedha. Baadaye Sulemani alijenga hekalu mahali pale pale, kwa hiyo zile ibada zote, dhabihu zote, zilisimama juu ya sakafu ambapo watu walikuwa wakipepeta nafaka. Nikaifuta ile alama.

Wateja wengine siwajui majina. Nilimuuliza Padre, maana Hesabu 5 inasema asipokuwepo jamaa wa kulipwa, deni linakwenda kwa kuhani. Akasema nisimletee mahindi yeye. Nianze na ninaowajua majina, tukifika mwisho wa hao tutaongea. Sijafika mwisho.

Jioni ile nilipanda boda na gunia dogo mbele, la maharagwe mapajani, hadi Manyatta. Dani alikuwa nje anachambua mboga. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitakunywa chai kwanza. Alisikiliza mikono yake ikiendelea kuchambua mrenda, akitupa mashina upande mmoja.

"Nilijua, nyathina," akasema, yaani mwanangu. "Tangu mwaka wa kwanza. Nyumbani nina mkebe wangu, napima kila nikifika."

"Sasa mbona ulikuwa unanunua kwangu?"

"Mahindi yako hayana wadudu." Akanyamaza kidogo. "Na ndiyo maana nilikuwa naomba ile nyongeza."

Nikampimia hapo hapo na gorogoro iliyonyooshwa, moja moja, tukihesabu kwa sauti, mjukuu wake ameshika mdomo wa gunia. Kila mara aliingiza mkono mpaka chini, akapapasa kitako kwa vidole, akatikisa kichwa kukubali. Ilipotimia ya kumi na mbili aliangalia mahindi, akaniangalia mimi.

"Na nyongeza je?"